Kiti cha Mbele, Chumba cha Nyuma

12 Februari

Dada,

Shikamoo. Mama amefika. Nalitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ulipopokea bahasha hii ulikaa chini kwanza. Sasa pumua, kisha unisalimie wote: shemeji na saa zake za kutengeneza, binti yenu ambaye nasikia amekupita urefu, na cherehani zako, maana nazo ni ndugu zetu.

Alitoka pale uwanja wa ndege na sweta tatu, moja juu ya nyingine, amekumbatia mkoba kifuani kana kwamba abiria wote ni vibaka. Aliponiona hakunikumbatia. Alinishika shavu, akalivuta, akasema, "Huli." Basi. Safari yote ile, neno la kwanza ndilo hilo. Nilicheka mpaka watu wakatugeukia.

Nyumba yangu unaijua kwa picha: sebule, chumba kimoja, na jiko la kugeukia mtu mmoja. Mama nimempa chumba, mimi nalala kwenye kochi. Viatu anavua nje kabisa, mlangoni, ingawa nimemwambia huku vitaibwa. Analalamikia ngazi, kwa kuwa lifti yetu ilishakufa, na analalamikia jirani wa chini anayepiga filimbi, lakini kwa jumla ametulia. Wifi yako anakusalimu sana.

Nimechukua likizo ili nimtembeze. Jumamosi tulikwenda kwenye lile daraja kubwa la kamba za chuma. Alilitazama weee, halafu akauliza nani analifagia. Picha nimeweka humu. Wiki ijayo tutakwenda kuona kasri, halafu maporomoko ya maji. Ni safari fupifupi, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, asichoke.

Sasa nikuambie linalonisumbua. Tiketi yake inasema arudi Aprili. Lakini Aprili huku miti bado ni vijiti vitupu, ataona nini? Naomba abaki mpaka Julai. Najua utanipigia kelele, kwa hiyo anza tu, nimeshaziba masikio.

Mdogo wako,
Honi


8 Machi

Honi,

Marahaba. Barua yako imefika, na kweli nilikaa chini kwanza, mwanaharamu we, unanijua. Shemeji yako mzima. Yuko pale mezani na lenzi yake jichoni, anafukuzana na springi iliyomrukia. Binti yangu anakuuliza, "Mjomba bado analia kama gari?" Nimemweleza kwamba jina hilo ulilipata kwa sababu ukililia uji mtaa mzima ulikuwa unapisha njia.

Kuhusu mama kubaki mpaka Julai, sawa. Abaki. Asiharakishe, atembee, ale maisha. Amehangaika na sisi vya kutosha. Huku usiwe na wasiwasi, nyumba ipo na sisi tupo.

Ila picha nimeziangalia, na mimi picha siangalii kama watu wengine. Nina maswali.

Mosi, wifi yangu yuko wapi? Picha nne, mama peke yake. Nani kapiga? Kama ni wifi, kivuli chake nakijua, ni kipana. Kama ni wewe, yeye alikuwa wapi?

Pili, mama yuko chumbani, wewe uko kwenye kochi. Je, wifi yangu analala juu ya friji?

Tatu, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Tangu umuoe, kila barua yako ikiisha, chini yake kuna mstari wa kalamu ya kijani. Huo ni mstari wa wifi yangu wa kunitukana. Safari hii sikuukuta. Nimegeuza karatasi, nimeichungulia juani, hakuna. "Wifi yako anakusalimu sana" umeandika wewe kwa kalamu yako nyeusi kama karani wa mahakama. Mmegombana? Sema.

Huku nina kazi nyingi. Nimepata sare za shule nzima, sketi na mashati, na wanazitaka kabla shule hazijafunguliwa. Vidole vimejaa matundu. Msalimie mama, mwambie mimea yake naimwagilia.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hongera kwa sare. Mama aliposikia alisema, "Ataumia mgongo huyo," halafu akaniuliza unashonea wapi kazi kubwa hivyo. Nikamjibu barazani, si ndipo unaposhonea siku zote? Akasema, "Barazani mvua inaingia." Mimi hilo sijui.

Maswali yako nimeyasoma. Wewe ungekuwa askari, wezi wangehama mji. Wifi yako anafanya kazi ya usiku, kulekule kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hoteli. Mchana analala, usiku hayupo, ndiyo maana kwenye picha haonekani. Kitanda wanapokezana na mama. Umeridhika? Mstari wako wa kijani nimemwambia, ameandika hapo chini.

Kasri tumeliona. Lina vyumba zaidi ya mia na wafalme wote wamekufa. Mama aligusa pazia moja la kizamani, mlinzi akaja mbio, mama akamwambia kwa Kiswahili kwamba pindo limeachia na binti yake angeweza kulirudisha kwa dakika tano. Mlinzi akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Picha ziko humu.

Na mimi nina swali langu, moja tu. Nilitegemea utakataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa miezi mitatu. Wewe umejibu "sawa, abaki" kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari. Dada, wewe uliyelia uwanja wa ndege mpaka shemeji akakubeba! Kulikoni? Hata mama nilipomsomea alisema, "Kumbe hawana haraka na mimi." Akaendelea kumenya viazi. Sikuipenda ile sauti.

Honi

*Wifi yangu mpendwa, nakusalimu kwa heshima na taadhima. Sisi wazima. Mama yuko salama. Nakutakia kazi njema.*


27 Aprili

Honi, mdogo wangu, uliyenyonya nyuma yangu,

Ulikwenda dukani ukanunua kalamu ya kijani. Ukaja nayo nyumbani, ukakaa, ukapinda mkono ili mwandiko uwe wa kike. Nakuona kabisa ulivyotoa ulimi pembeni ya mdomo.

Hebu nikuulize. Tangu lini wifi yangu akanisalimia kwa heshima na taadhima? Barua ya mwaka juzi aliniita mbuzi wa kike mwenye miwani. Ile ya sikukuu alisema nguo niliyomshonea aliivisha kochi. Mimi na yeye ni mawifi, utani ndiyo salamu yetu. Siku atakayoniandikia "nakutakia kazi njema" nitajua anaumwa au kafa! Nilimwita shemeji yako nikamsomea, na yeye asiyejua mambo ya watu, anayejua saa tu, alisema, "Huyu siye."

Halafu picha. Usidhani nimemaliza.

Picha ya daraja, nyuma ya mama yupo mzee mwenye kofia nyeupe na mkewe wa miwani mikubwa. Sawa, watu wapo. Picha ya kasri, ni siku nyingine kabisa, wiki nyingine, nyuma ya mama wamo watu wengine, lakini wamevaa kofia nyeupe zilezile. Picha ya maporomoko, kofia nyeupe. Tena zina alama ya bluu mbele. Na safari hii, mama yangu mzazi naye amevaa hiyo kofia! Nimechukua lenzi ya shemeji yako ya kutazamia saa, nikaisoma alama. Ni alama ya kampuni yako, ile ya mabasi ya watalii.

Likizo gani hiyo ya kutembea na wateja wa kazini? Umemwajiri mama? Umemvisha kofia anauza tiketi? Anabeba mizigo ya watu? Usinizungushe. Mama nilikupa mzima, na mgeni hapelekwi kazini. Kama mambo yako huko yamekushinda, sema, mama arudi mwezi huu, asingoje Julai wala miti kuvaa nguo.

Nakuwekea picha ya binti yangu na sare ya kwanza iliyokamilika. Mpe bibi yake aione, afurahi. Angalau huku hatuna vya kuficha.

Dada yako, aliye macho


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Mikono juu. Lile la basi nitasema.

Likizo sikupewa. Niliiomba, msimamizi akaniambia msimu wa wageni ndio huo umeanza, chagua likizo au kazi. Mama alikuwa tayari angani. Ningefanyaje? Ningemfungia ndani, orofa ya juu, na yule wa filimbi chini? Basi letu lina kiti cha mbele, ubavuni mwangu mimi dereva. Ni cha mwongoza wageni, lakini siku hizi sauti inatoka kwenye kanda, kiti kinabaki kitupu. Nikampandisha mama. Msimamizi anajua, amejifanya hamnazo, na ameomba tu avae kofia.

Asubuhi ya kwanza alitaka kuvua viatu mlangoni mwa basi. Nikamwambia mama, panda navyo. Akasema ndani ni ndani. Abiria wakasubiri mpaka tulipoelewana.

Lakini Dada, ungemwona! Tukifika kwenye kitu, wageni wanamgeukia yeye. Anasimama, ananyoosha mkono, anawaambia kwa Kiswahili, "Hilo daraja, mnaliona wenyewe. Mvae makoti." Wanapiga makofi. Mwanamke mmoja aliandika kila neno. Kwa hiyo ndiyo, mama ameona daraja mara nyingi kuliko mhandisi aliyelijenga. Hakubeba mzigo wa mtu. Nilikudanganya kuhusu likizo kwa sababu niliona aibu, ungesema kijana amekwenda nchi za watu na hana hata siku moja ya kumpa mama yake.

Sasa zamu yako.

Picha ya binti yenu nilimpa. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani. "Mjukuu wangu kapendeza," akasema. Halafu kidole chake kikatoka kwa mtoto, kikaenda nyuma ya mtoto. "Hili ni dirisha langu. Lile lenye nondo iliyopinda." Nikasema labda yanafanana. Akasema, "Nondo niliipinda mimi, siku ufunguo ulipoangukia ndani." Kidole kikashuka. "Na hapa palipo na meza ya kukatia, ndipo kinapokaa kitanda changu."

Mama aliirudisha picha kwenye bahasha, akaifunga vizuri, akaenda kufua soksi ambazo zilikuwa safi. Kesho yake nilipomwamshia basi akasema hendi, amechoka na kukaa mbele. Tangu siku hiyo haji. Nikitoka kazini namkuta amerudi kutoka nje, viatu vimelowa. Namuuliza ulikuwa wapi, anasema, "Natembea." Peke yake! Hajui hata kusoma vibao vya huku. Naogopa, Dada, na simwambii.

Kitanda cha mama kiko wapi? Hukuwa na vya kuficha, basi nijibu.

Honi


12 Juni

Honi,

Nimeisoma barua yako nikaitupa, nikaiokota, nikaitupa tena.

Ndiyo. Ni chumba cha mama. Cherehani tatu na meza ya kukatia. Ulitaka nishonee wapi, juu ya paa? Barazani mvua inaingia, kama alivyosema mwenyewe. Shule inataka sare, kazi kama ile hainijii kila siku, na chumba kile cha nyuma kilikuwa kimekaa bure na mwanga wote ule wa asubuhi. Ni kwa muda tu. Kitanda kiko stoo, nimekifunika shuka safi, panya hawajakigusa. Nguo zake zimo sandukuni. Nilipanga wiki moja kabla hajarudi nitoe kila kitu, nipige deki, nirudishe kitanda, aingie alale. Angejuaje? Na wewe ulipoandika "Julai" niliona ni bahati, sare zinakwisha Julai. Ndiyo maana nilikubali upesi. Haya, umeshanikamata, furahi.

Lakini usijifanye mtakatifu. Mimi sikumwondoa mama nyumbani, nimeondoa kitanda. Wewe ndiye uliyemchukua, wewe ndiye uliyeomba abaki. Kwa nini? Mtu asiye na likizo, anayelala kwenye kochi, anaomba mgeni aongeze miezi? Hapo kuna jambo. Na wifi yangu hujamtaja hata kwa jina la utani. Mambo ya basi umeyamwaga yote, ya wifi umeyameza. Unanipa dogo nisitafute kubwa. Nimekulea, Honi, ulipokuwa ukiiba sukari ulikuwa unakuja kukiri kwangu kwamba umevunja kikombe.

Na huko "kutembea" kwa mama, umfuate! Wewe ni dereva, huwezi kumfuata mtu? Anakutana na nani? Mambo gani haya? Siku hizi nikikata kitambaa akili iko huko, nimeharibu mashati mawili.

Mrudishe mama. Sitaki miti yenu.

Dada


6 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sina utani.

Mke wangu aliondoka kabla mama hajaja. Alichukua sanduku lake dogo akaniachia ufunguo juu ya friji, palepale ulipomlaza wewe kwenye barua yako. Sikusema kwa sababu nilidhani atarudi. Kisha mama akawa anakuja, nikasema nitasema akifika. Akafika, nikasema nitasema akipumzika. Niliomba abaki mpaka Julai kwa sababu nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakuta taa inawaka. Hilo tu. Huo ndio ukubwa wa jambo langu uliokuwa ukiutafuta.

Na unajua mama alijua lini? Siku aliyofika. Aliingia bafuni akakuta taulo moja. Miezi yote hii nilipokuwa nikimwambia, "Mkwe wako kapewa zamu ya usiku, kaenda kazini," alikuwa anaitikia, "Haya, mwanangu." Nilipokuandikia kwamba wanapokezana kitanda, nilimsomea barua kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema niongeze kwamba analala upande wa ukutani.

Wiki iliyopita nilimwambia ukweli wote, wa kwangu na wa kwako, barua yako nikamsomea na pale ulipoandika angejuaje. Nikamuuliza, mama, basi unataka tufanye nini, nikukatie tiketi? Dada, alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini akanitazama. Akasema: "Kwako nimelala kwenye nafasi ya mtu aliyeondoka. Kwangu cherehani imelala kwenye nafasi yangu. Niambie, mwanangu, hiyo tiketi unakata ya kwenda wapi?"

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na najua unacheka, Honi kalia. Usicheke.

Baadaye alisema kata ya nyumbani, yeye si mtu wa kuzeeka kwenye kochi la watoto. Ndege ni mwisho wa mwezi huu. Asubuhi ya kuondoka nitampitisha kwenye daraja kwa mara ya mwisho, kwenye kiti chake. Sijui anakotembea. Nilimfuata mara moja kama ulivyoniagiza. Alisimama kona, akageuka, akanipungia mkono. Nikarudi.

Najua utatoa cherehani. Lakini Dada, usipige deki ukadhani imekwisha. Mwangalie huyu mama. Amebadilika, anatutazama kama anavyotazama wauza duka wanaopunja mizani.

Honi


9 Agosti

Honi,

Mama amefika. Na mimi nalitanguliza hilo ili upumue.

Pole, mdogo wangu. Ningeijua hali yako nisingemlaza mkeo juu ya friji. Nilicheka kidogo uliposema umelia, kisha nikalia mimi, shemeji yako akatazama saa zote ukutani kana kwamba zitamwambia la kufanya.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa matembezi. Mama alipofungua mkoba alinipa karatasi iliyokunjwa, akasema, "Yako hii." Mama alikuwa anakwenda hotelini! Kwa miguu, na kofia yako nyeupe kichwani, akiuliza njia kwa kuonyesha kwa mikono jinsi shuka linavyofuliwa, mpaka akapata mlango wa nyuma wa wafuaji. Alikuwa anakaa na mkeo kwenye benchi wakati wa mapumziko. Hakumwomba arudi. Anasema walikuwa wanakunja mashuka, mmoja huku mwingine huku, wanaongea mambo mengine. Siku ya mwisho wifi akachukua kalamu. Nakunakilia kama ilivyo, maana karatasi yenyewe sikupi. Wino ni wa kijani:

*Wewe mbuzi wa miwani, nasikia umemnyang'anya mzee chumba, ndiyo maana nguo zako zinapwaya, roho ndiyo iliyobana. Mdogo wako ameutembeza ulimwengu mzima na mimi mkewe sijaliona hata hilo daraja. Kila Jumapili niliambiwa wageni, wageni. Mwambie kwamba mama kanisimulia kuhusu kiti cha mbele. Sijasema narudi. Nauliza tu kama sasa kiko wazi. Usinijibu, mwandiko wako unaumiza macho.*

Huyo ndiye. Nilipiga kigelegele barabarani, watu wakadhani tumeozesha. Sasa Jumapili usiniandikie barua, nenda ukafute kile kiti.

Ya kwako ndiyo hayo. Ya kwangu hayakwenda vizuri.

Chumbani nilitoa vyote kabla mama hajaja. Kitanda nilikirudisha mahali pake, nikamshonea pazia jipya, nikafagia, nikapiga deki, nikafagia tena. Alipofika akasalimia watu, akanywa chai, akasema nimekonda. Halafu akaenda kule nyuma, mimi nyuma yake kama mwizi. Unajua mlangoni mwake huwa anavua viatu, hata avunjike mgongo. Akavua. Akapiga hatua mbili, akasimama. Akainua mguu, akashika unyayo, akachomoa pini. Pini moja, Honi! Nilikuwa nimepiga magoti chumba kizima nikitafuta. Damu kidogo ikatoka. Hakukasirika, heri angekasirika. Aliifuta ile pini kwenye gauni lake, akanikabidhi kiganjani, akasema, "Umesahau kifaa chako." Kisha akarudi mlangoni, akavaa viatu, ndipo akaingia chumbani kwake.

Na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Anaingia chumbani kwake na viatu, kama mteja. Analala, anaamka, anaweka miguu moja kwa moja ndani ya viatu. Nikimwambia mama, nimesafisha, hakuna kitu, anasema, "Najua, mwanangu," kwa sauti ileile aliyokuitikia wewe habari za mkeo. Cherehani nimezirudisha barazani, shemeji yako amenifungia turubai, mvua inaingia kidogo na iingie. Sare zimekwisha, ziliisha vizuri, na sina raha nazo.

Kila asubuhi mama akienda kuoga, nachukua sumaku ya shemeji yako, ile kubwa ya kukusanyia skrubu, naiburuta sakafuni kwake pembe hadi pembe, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Siku za mwanzo ilikuwa inatoka na kitu, nusu ya sindano, kipande cha pini. Sasa inatoka tupu. Naiburuta vilevile. Nadhani anajua, maana siku hizi anaoga muda mrefu.

Jana jioni nilimpelekea chai. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anaangalia pazia. Nikakiweka kikombe, nikatupa jicho chini. Amevua kiatu kimoja. Unyayo uko sakafuni, mtupu, ametulia nao. Kingine amekivaa, tena amekifunga kamba.

Nilitoka nikaufunga mlango taratibu, na leo asubuhi nimepitisha sumaku mara mbili.

Dada yako